Nasaba na Jina: Chimbuko la Akina Tremblay wa Quebec



Katika jimbo la Quebec, nchini Kanada, hakuna jina la ukoo lililoenea kuliko Tremblay. Na ajabu yake ni kwamba maelfu kwa maelfu ya walichukuao, kuanzia kingo za mto Saint-Laurent hadi bonde la Saguenay, nasaba yao hurejea kwa mtu mmoja, Pierre Tremblay, mzaliwa wa Randonnai katika nchi ya Perche, Ufaransa, aliyevuka bahari mwaka 1647 kwa mkataba wa kazi, na tarehe 2 Oktoba 1657 akamwoa Ozanne Achon mjini Quebec, wakajaaliwa watoto 12.

Jina lenyewe asili yake ni mahali palipoota miti ya aina ya mpopla, ambayo majani yake hutetemeka kwa upepo mdogo kabisa. Na maadamu mahali pa namna hiyo ni pengi katika Ufaransa, mwenye kufuata maana ya jina peke yake angeizunguka nchi nzima asifike Randonnai. Kilichowafikisha wanachuoni huko ni daftari za makasisi. Mfalme François wa Kwanza aliamuru mwaka 1539, kwa sheria ya Villers-Cotterêts, kwamba ubatizo uandikwe. Na ada hiyo ilipohamia Kanada, hati ya ndoa aghalabu ikawataja wazazi wa bwana na bibi arusi pamoja na parokia walikotoka, na mwanamke akaandikwa kwa jina la babaye hata kufa kwake, hivyo nasaba ya kuukeni nayo ikahifadhika.

Limebaki tatizo la lakabu. Askari wa kikosi cha Carignan-Salières, waliofika Kanada mwaka 1665, walikuwa na lakabu za kijeshi, kama Lafleur, yaani Ua, au Sansouci, yaani Asiye na Wasiwasi. Na yapata 400 kati yao waliposalia kuwa wakulima, lakabu ziliandikwa sanjari na majina yao ya asili, kisha zikarithiwa. Kwa hiyo wazao wa Pierre Hudon, aliyeitwa pia Beaulieu, leo wengine ni Hudon na wengine Beaulieu, nao ni damu moja; ilhali akina Lafleur wawili huenda wasiwe na udugu wowote, kwani lakabu hiyo ilichukuliwa na askari wengi.

Padri Cyprien Tanguay alizikusanya nasaba hizi katika kamusi ya mijalada 7, iliyochapwa baina ya 1871 na 1890, na tangu 1966 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Montréal wameiendeleza kazi kwa kuzichambua daftari zenyewe. Basi nawausia, enyi wanafunzi wa taarikhi: jina ni dai, na hati ndiyo shahidi wake. Anayetafuta asili ya ukoo na aanze kwa ndoa ya wazazi wake, apande ndoa hadi ndoa, wala asimkubali babu yeyote, hata awe mtukufu namna gani, asiyethibitishwa kwa maandishi.