Kinyonga Mgonjwa Tuliyemnunua

 Sisi tuko huku Mhezi, juu ya milima ya Upare Kusini, katika baridi. Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya mnyama wa kutunzwa nyumbani. Labda mwatazamia habari za kuku, au mbuzi, au paka. La. Twataka kuwaeleza habari za kinyonga. Tena si kinyonga mzima, bali mgonjwa, ambaye tulimnunua kwa fedha zetu wenyewe, hali hatujui hata neno moja la kumtunza.

Twajua ya kuwa wako waliokwisha kukunja uso. Kinyonga huogopwa katika nchi nyingi za Afrika. Wazulu wa kusini husimulia ya kuwa kinyonga alitumwa awapelekee watu habari ya uzima, naye akakawia njiani, mjusi akamtangulia na habari ya mauti. Na wengi wetu tulilelewa tukiambiwa ya kuwa kinyonga ana sumu. Hana. Akikasirika hujivimbisha, hupanua kinywa, na pengine huuma; lakini sumu hana kabisa. Bali hula panzi na nzi, na kwa hiyo hutufaa mashambani.

Basi, sikilizeni. Ilikuwa mwezi wa Juni, wakati wa baridi, nasi tulikuwa tukirudi nyumbani kwa likizo kutoka chuo cha ualimu tunakofundisha. Pale Same mjini, kando ya barabara kuu iendayo Tanga, mtoto mmoja alitujia na kopo la rangi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umechukua nini?"

Akafunua. Ndani alikuwamo kinyonga wa kijani aliyegeuka kuwa mweusi mweusi, mguu umefungwa uzi, macho yamefumba, ingawa ilikuwa saa sita mchana. Mtoto akataka shilingi elfu mbili. Tuliona huruma, tukatoa. Tukajisifu mioyoni ya kuwa tumetenda jema. Shikeni neno hilo, maana tutalirudia.

Huyu alikuwa kinyonga wa nchi ya chini, wa namna ile yenye mikunjo ya ngozi nyuma ya kichwa kama masikio. Ndiye aonekanaye mara nyingi katika vichaka vya nyika. Huku milimani kwetu wamo wengine wapendao ubaridi, mathalani wale wenye pembe mbili puani. Hao wa pembe wataalamu wamewaweka katika jamaa iitwayo Kinyongia, jina lililotungwa mwaka 2006 kutokana na neno letu la Kiswahili, "kinyonga". Twaeleza haya kwa sababu kosa letu la kwanza lilikuwa hapo: tulimtoa mnyama wa joto tukampandisha mlimani katika baridi ya Juni, bila kuuliza yeye ni wa wapi.

Kosa la pili: tulimweka jikoni karibu na meko apate moto. Akapata moshi. Kosa la tatu lilikuwa baya kupita yote. Tulimtilia maji katika sahani, na alipokaa siku mbili asiyaguse, tukasema, "Kumbe huyu hana kiu." Macho yake yalikuwa yamedidimia ndani kama mashimo, na mavi yake, ambayo sehemu moja hupasa kuwa nyeupe, yalikuwa na rangi ya machungwa. Hizo zote ni dalili za kiu kali, lakini sisi hatukuzijua.

Aliyetufumbua macho ni bibi mmoja jirani yetu. Kumkaribia kinyonga hakukubali, alisimama penye mgomba, hatua kumi hivi, akatuambia: "Mwalimu, katika maisha yangu sijamwona mdudu huyu penye kisima. Nimemwona asubuhi, juu ya jani, akiramba umande." Tukaona haya. Tumesoma vitabu vingi, na bibi huyu hakuwa na hata kimoja, ila ametumia macho yake.

Na ndivyo ilivyo. Kinyonga aghalabu hayatambui maji yaliyotulia. Ajuaye kuyanywa ni yale yanayometameta na kudondoka majanini. Basi tulikata matawi mabichi, tukayasimamisha uani, tukayanyunyizia maji polepole kama mvua ya rasharasha. Alikaa kitambo kama jiwe. Kisha jicho moja likafunguka, likageuka kutazama tone. La pili nalo likafunguka, likatutazama sisi. Maana macho yake kila moja huenda njia yake. Akatoa ulimi, akaramba. Akanywa kwa muda mrefu, nasi tulisimama kimya kama watu walio kanisani.

Tangu hapo tulianza kujifunza kwa bidii, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, makao. Kopo, chupa na sanduku la kioo ni vibaya kwake. Yampasa apate kizimba cha wavu kipitishacho hewa, chenye matawi membamba ayashike kwa vidole vyake, na majani ya kujifichia. Vinyonga wawili wasiwekwe pamoja, kwa kuwa kila mmoja hupenda kukaa peke yake. Wakionana huudhika, hata pasipo kupigana. Wala asishikwe-shikwe na watoto. Kinyonga si paka. Kupapaswa kwake ni mateso.

Pili, jua. Apate jua la asubuhi lenyewe, na kando yake kivuli cha kukimbilia. Jua lipitalo katika kioo cha dirisha halitoshi, kwa maana kioo huzuia ile miali ifanyayo vitamini D katika ngozi yake. Akikosa vitamini hiyo, mwili hauwezi kutumia chokaa ya chakula. Mifupa hulegea, miguu hupinda, na taya huwa laini. Wafugaji wa Ulaya hununua taa za namna yake kwa ajili hiyo. Sisi tumepewa jua bure, tusimfungie mnyama gizani.

Tatu, chakula. Apewe wadudu walio hai: panzi, nyenje, nzi. Mdudu asizidi upana wa kichwa cha kinyonga. Tena asitolewe katika shamba lililonyunyizwa dawa, kwani sumu iliyo ndani ya panzi humwingia amlaye. Kinyonga mwenye kiu kali asilishwe kwa nguvu, anyweshwe kwanza.

Nne, dalili. Watu hudhani ya kuwa kinyonga hubadili rangi ili afanane na kila kitu anachokikalia. Sivyo hasa. Rangi yake hufuata joto, hofu, hasira na hali ya mwili. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva walieleza ya kuwa ndani ya ngozi ya kinyonga mmoja wa Bukini mna chembe ndogo mno kama fuwele, na zikisogea karibu au mbali, mwanga hurudi kwa rangi nyingine. Basi rangi ni kama uso wake: yafaa kuisoma. Akiwa mweusi siku nzima, akifumba macho mchana, akishindwa kushika tawi, akiinua kichwa na kuhema kwa kinywa wazi, au akiwa na usaha kinywani, jambo hilo limepita uwezo wa nyumbani. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo. Msimpe dawa ya mbuzi kwa kukisia, maana kipimo cha mbuzi ni mauti kwa kinyonga. Na jike mwenye tumbo kubwa ahangaikaye chini, pengine si mgonjwa. Hutafuta udongo wa kuchimba apate kutaga.

Tano, mikono. Kila amshikaye anawe kwa sabuni, kwani wanyama wa jamaa ya mijusi waweza kuchukua vijidudu vya kuharisha.

Wetu aliendelea vizuri. Wiki ya pili macho yalikuwa yamejaa, rangi imekuwa kijani safi, na siku moja alirusha ulimi wake, uzidio urefu wa mwili, akamnasa panzi mbele yetu. Tulipiga makofi.

Lakini, wasikilizaji, habari haikwisha hapo. Na lililofuata ndilo lililotuleta mbele yenu. Siku ya Jumamosi tulisikia hodi. Tulipofungua tuliona watoto wanne, na kila mmoja ana kopo. Habari ilikuwa imeenea ya kuwa kuna mwalimu anunuaye vinyonga. Ndani ya makopo walikuwamo vinyonga watano. Mmoja alikuwa amekwisha kuvunjika mguu. Wawili walikufa kabla jua halijatua.

Hatukulala usiku ule. Tulikuwa tumemwokoa mmoja, na kwa zile shilingi elfu mbili tulikuwa tumewaweka watano makopini. Watoto wale hawakuwa wabaya; walifanya kama tulivyowafundisha. Maana fedha nayo ni mwalimu, na somo lake hushikwa upesi kuliko letu.

Tulikwenda kwa afisa wa wanyamapori tukakiri yote. Akatukumbusha ya kuwa kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori hakamatwi pasipo kibali. Nasi twajua ya kuwa kutojua sheria si udhuru. Biashara ya vinyonga kati ya nchi na nchi nayo imewekewa masharti na mkataba wa kimataifa uitwao CITES. Na mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kupeleka wanyamapori hai nchi za nje. Kwa shauri la afisa yule tuliwarudisha vichakani wale waliopona, kila mmoja mahali alipokamatwa: wa nyika nyikani, wa mlimani mlimani. Wa kwanza alipanda tawi la mgunga kwa mwendo wake ule wa kuyumbayumba. Hakugeuka kutuaga.

Wale watoto wanne hatukuwafukuza. Tuliwaita waje siku nyingine mikono mitupu, tukatembea nao kando ya ndiva, lile bwawa la maji ya mashamba, kuwatafuta vinyonga na kuwahesabu pasipo kuwagusa. Siku ile walihesabu saba. Hawakulipwa kitu, wala hawakudai.

Basi twawaambieni nini? Ukiwa katika nchi ambayo sheria huruhusu kumfuga kinyonga, tafuta aliyezaliwa kizimbani, mwenye macho mang'avu na mshiko wa nguvu. Na kizimba kiwe tayari kabla yeye hajaja. Na ukimwona mgonjwa mkononi mwa muuzaji, usimnunue kwa huruma. Mpelekee habari afisa au daktari. Twajua ni neno gumu. Kumpita aumwaye humchoma mtu moyo. Lakini huruma isiyouliza kesho itakuwaje huweza kuzaa maumivu mengine. Mgonjwa aliyeanguka mlangoni pako mtunze kwa maji ya majani na jua la asubuhi. Ila usimlipe aliyemwangusha.