Jiwe Chini ya Musa

Twamsalimu mama aliye jikoni akiwasha moto, baba anayejitayarisha kwenda kazini, na mgonjwa aliyelala kitandani ambaye redio ndiyo mwenzake tangu alfajiri. Karibuni tutafakari Neno la Mungu kwa dakika hizi chache.

Somo letu latoka katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 17, kuanzia mstari wa 8. Habari hii twaijua tangu shule ya Jumapili. Waamaleki walikuja kupigana na Israeli huko Refidimu. Yoshua akaenda vitani pamoja na watu wake, naye Musa akapanda kilimani akiwa na fimbo ya Mungu mkononi. Kila alipouinua mkono, Israeli walishinda. Kila alipoushusha, Waamaleki walipata nguvu. Lakini Musa alikuwa mzee. Saa zikapita, mikono ikamlemea, akashindwa kuiinua.

Hapo twawaomba mwangalie sana walichofanya Haruni na Huri. Hawakumwambia Musa kwamba imani yake imepungua. Hawakumnyang'anya fimbo na kumpeleka hemani akalale. Walitafuta jiwe, wakaliweka chini yake, naye akaketi. Kisha mmoja akasimama upande huu na mwingine upande ule, wakaitegemeza mikono yake hata jua likazama. Upendo wao ulikuwa na maarifa ndani yake. Walijua mzee amelemewa wapi, tena walijua ashikwe namna gani.

Ndugu zetu, miongoni mwetu wako watu ambao mikono na miguu yao imewalemea kwa sababu ya ugonjwa uitwao Parkinson. Jina hilo ni la daktari wa London, James Parkinson, aliyeandika habari za ugonjwa huu mwaka 1817. Ndani ya ubongo mna chembe zinazotengeneza kitu kiitwacho dopamini, ambacho huusaidia ubongo kuuongoza mwili utembee, ugeuke na ushike kijiko. Chembe hizo zikifa kidogo kidogo, mwili wakawia kutii. Mkono watetemeka hata ukiwa umepumzika. Viungo vyakakamaa. Hatua zawa fupi, miguu yaburuta. Maandishi yawa madogo, sauti yafifia, na uso wakosa tabasamu hata watu wadhani mtu huyu amekasirika. Wengine hawatetemeki kamwe, na hali wana ugonjwa huo huo. Tena si kila atetemekaye ana Parkinson. Kwa hiyo ni lazima apimwe na daktari.

Mara nyingi ugonjwa huu huwapata watu waliopita miaka 60, lakini wapo wanaopatwa mapema zaidi. Wengi wenu mwamkumbuka Muhammad Ali, bingwa wa ngumi aliyemwangusha George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974. Miaka kumi tu baadaye, mwaka 1984, madaktari walitangaza kwamba ana ugonjwa wa namna hii. Alikuwa na umri wa miaka 42. Basi yeyote asiseme kwamba huu ni ulegevu. Si uchawi, si laana, wala hauambukizwi kwa kupeana mikono.

Lakini wangapi wanaelezwa hivyo? Hapo ng'ambo ya mpaka, kwa jirani zetu wa Tanzania, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, kwenye miteremko ya mlima Kilimanjaro, wilaya yenye watu wapatao 161,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Walipata watu 33 wenye ugonjwa huu, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mganga wala muuguzi kwamba wanaugua nini. Walikuwa wakiishi nao tu, wakidhani ni uzee, au wakinong'onwa na majirani.

Katika eneo hilo hilo la kaskazini mwa Tanzania likafanyika jambo jingine, lililochapishwa mwaka 2010. Wagonjwa ambao hawakuwa wamepata kutumia dawa za ugonjwa huu walifundishwa kutembea kwa kufuata mapigo yanayolingana, kama mtu atembeaye kwa kufuata ngoma. Mwendo wao ukawa bora. Wapenzi wasikilizaji, hiyo haikuwa mashine ya mamilioni ya shilingi. Ilikuwa ni maarifa: mtu mmoja aliyejifunza akamfundisha mwenzake.

Hilo ndilo neno letu kwenu leo. Kumhurumia mgonjwa ni vema, lakini huruma pekee haitoshi. Anayempenda mgonjwa hana budi kujifunza jinsi ya kumsaidia. Mtu mwenye huruma asiyejua aweza kumvuta mzee mkono kwa nguvu ili asimame, akamwumiza bega. Aweza kumharakisha kula, akapaliwa. Aweza kumwombea kwa machozi, kisha akamshauri atupe dawa zake kama ushuhuda wa imani. Dawa hizi kuziacha ghafla kwaweza kuhatarisha maisha yake. Haruni na Huri waliposhika mikono ya Musa hawakumpunguzia Mungu utukufu, wala dawa iliyomezwa kwa saa yake haimpunguzii.

Twaanza na ninyi mlio waganga, matabibu na wauguzi, maana wengi wenu mwatusikiliza mkiwa njiani kwenda zamu. Tangu miaka ya 1960 iko dawa iitwayo levodopa, ambayo mwilini hugeuka kuwa dopamini. Haiponyi ugonjwa, lakini humrudishia mtu mwendo wake kwa saa kadhaa. Siri yake ni wakati. Mgonjwa aliyezoea kuimeza saa moja asubuhi, akalazwa wodini akaambiwa angoje mpaka toroli ya dawa ipite saa nne, atakuwa amekakamaa kama gogo, hawezi kugeuka wala kumeza mate. Muuguzi aliyefundishwa atamwuliza mapema, "Mzee, nyumbani wameza dawa hii saa ngapi?" Tena atajua kwamba dawa ya kuzuia kutapika iitwayo metoklopramidi, na ile ya akili iitwayo haloperidoli, zaweza kuuzidisha ugonjwa huu. Haya si mambo ya daktari bingwa wa Nairobi peke yake. Ni mambo yawezayo kufundishwa katika zahanati yoyote, kwa siku moja au mbili, na yakaokoa watu.

Twaja kwenu mnaowauguza wagonjwa nyumbani. Shikeni mambo haya machache, na mkamwulize daktari mengine zaidi. Miguu ya mgonjwa ikigandama mlangoni kana kwamba imepigiliwa misumari sakafuni, msimvute. Simameni naye, atulie, kisha mhesabu pamoja, moja, mbili, tatu, na kwa neno la tatu apige hatua. Au wekeni mguu wenu mbele ya wake auvuke. Wengine huchora mistari ya chaki sakafuni, na mgonjwa aivuka mmoja mmoja. Anapotaka kugeuka, azunguke kwa nafasi, asigeuke pale pale kwa ghafla, maana hapo ndipo wengi huanguka. Akitaka kusimama kutoka kitini, asogee ukingoni, avute miguu nyuma, ainame mbele, ndipo ainuke. Kiti kiwe kigumu, chenye mahali pa kuegemeza mikono. Kiti laini kinachommeza ni mtego.

Chakulani aketi wima, atafune polepole, na redio izimwe kidogo, hata kama ni hii yetu. Kupaliwa mara kwa mara kwaweza kupeleka chakula mapafuni na kuleta nimonia, nayo huwaua wengi wenye ugonjwa huu. Kwa wagonjwa wengine, nyama, maharagwe na maziwa huizuia levodopa isifanye kazi vizuri. Kwa hiyo mara nyingi hushauriwa imezwe kama nusu saa kabla ya chakula. Na ikitokea mgonjwa aona watu au wanyama ambao hawapo, msikimbilie kusema ana pepo. Ugonjwa wenyewe au dawa zaweza kuleta jambo hilo. Mwambieni daktari.

Sasa twaligeukia kanisa. Yuko mzee wa kanisa aliyekuwa akisoma Neno kwa sauti ya kusikika mpaka nje, na leo haji tena Mezani pa Bwana. Watu wasema amerudi nyuma. Hakurudi nyuma. Kikombe chamtetemeka mkononi, divai yamwagika juu ya shati lake jeupe, na watoto wamtazama. Ameona heri akae nyumbani kuliko kuaibika mbele za watu. Hivi, ndugu zetu, yahitaji nini kumrudisha? Yahitaji shemasi aliyefundishwa kukijaza kikombe nusu, ampelekee pale alipoketi, amshikie bila haraka. Yahitaji nafasi mwishoni mwa benchi, karibu na mlango. Yahitaji kiongozi wa maombi atakayemwomba aombe, kisha angoje. Sauti yake ni ndogo na maneno yachelewa, lakini akili yake ingali ikifikiri. Kumalizia maneno yake kwa niaba yake ni kumnyang'anya fimbo.

Kumbukeni ya kwamba Musa hakuondolewa kazini. Fimbo ilibaki kuwa yake, na sala ilibaki kuwa yake. Waliomtegemeza walimwezesha kufanya kazi aliyopewa na Mungu.

Tena kumbukeni ya kwamba walikuwa wawili. Mara nyingi katika nyumba zetu mwenye kumtegemeza mgonjwa ni mmoja tu, naye ni mke, au binti aliyeacha kazi yake mjini. Humgeuza mgonjwa usiku, humvisha asubuhi, huhesabu vidonge, huosha nguo, na Jumapili twamwuliza mbona haonekani katika mkutano wa akina mama. Mtu huyo naye mikono yamlemea. Haruni peke yake angemwinua Musa mkono mmoja tu, na kabla ya jioni angeanguka pamoja naye. Huri wa nyumba hiyo yuko wapi? Aweza kuwa kijana wa ushirika wa vijana anayekuja kila Jumanne kutembea na babu hatua zake za mazoezi. Aweza kuwa jirani anayekaa na mgonjwa saa mbili ili mkewe alale, au aende sokoni bila kukimbia. Lakini huyo naye afundishwe kwanza, ili mama yule aondoke bila hofu.

Basi, ninyi wachungaji na wazee, twawapa kazi ya mwezi huu. Nendeni katika hospitali iliyo karibu nanyi, mwombeni tabibu, muuguzi au mtaalamu wa mazoezi ya viungo aje kanisani Jumamosi moja. Waiteni wanaowauguza wagonjwa, waiteni mashemasi, na waiteni wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali yetu ya Kenya iliwatuma vijijini wapatao 100,000 mwaka 2023. Hao ndio waingiao katika kila boma, na wao ndio wa kwanza kumwona mzee anayeburuta miguu. Leteni viti, mfanye mazoezi ya kuinua, kugeuka na kuhesabu hatua. Na mgonjwa mwenyewe awe pale, awe mwalimu, maana hakuna aujuaye mwili wake kuliko yeye. Wakati mwema wa kufanya hivyo ni karibu na tarehe 11 Aprili, ambayo ni siku ya Parkinson duniani, siku aliyozaliwa daktari yule mwaka 1755. Lakini mkiweza msingoje Aprili.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa na ugonjwa huu. Hesabu hiyo ni kubwa mno kwetu. Mungu hakutuita tubebe milioni nane. Ametuita tumtazame yule mmoja aliye kilimani mwetu, ambaye jua bado halijazama kwake, na mikono inamshuka.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, uliyemwona Musa juu ya kilima, uwatazame wote ambao leo mwili umekataa kuwatii. Uwape saburi wanapocheleweshwa, na heshima wanapotazamwa. Uwatie nguvu wanaowauguza usiku na mchana, uwapelekee wenzao wa kusimama upande wa pili. Uwape waganga na wauguzi wetu moyo wa kujifunza. Nasi tulio kanisa lako, utufundishe kupenda kwa maarifa, ili pasiwe na ndugu yetu hata mmoja atakayekaa mbali na Meza yako kwa sababu ya mkono unaotetemeka. Twaomba haya kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Wapenzi wasikilizaji, mpaka tutakapokutana tena, Mungu awabariki, naye awashike mikono.