Rekodi ya Mgonjwa Ivuke Bahari Kabla ya Boti



Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Afya nayo ni mali, na daftari lake ni rekodi ya mgonjwa.

Mama mjamzito anayehudhuria kliniki katika zahanati ya kijijini huandikiwa vipimo vyake kwenye kijitabu cha mama na mtoto: shinikizo la damu, kundi la damu, wingi wa damu na chanjo. Uchungu ukimjia vibaya usiku, huenda akapewa rufaa hadi Faza, au hadi Hospitali ya King Fahd mjini Lamu. Safari ni ya boti. Majira ya kusi bahari huchafuka, na maji yakipwa, Mkanda haupitiki kwa urahisi. Kijitabu kikirowa au kikisahaulika nyumbani, daktari wa zamu humpokea mgonjwa ambaye hana habari zake, akaanza kupima upya yale yaliyokwisha kujulikana. Dakika hizo zinaweza kuwa ndizo za uhai wa mama na mtoto.

Rekodi ya kielektroniki inaweza kumfikia daktari kabla ya boti kutia nanga. Ndiyo maana Bunge lilipitisha Sheria ya Afya Dijitali ya mwaka 2023, ili taarifa za mgonjwa zimfuate kila anakotibiwa. Tena, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, madai ya malipo ya vituo hupitia mtandaoni. Kituo kisicho na mtandao huchelewa kudai, na kikichelewa kudai huchelewa kulipwa. Pesa hizo ndizo zinazosaidia kununua dawa na vifaa. Kwa hiyo mtandao wa zahanati si anasa ya ofisi.

Je, mtandao wa kiasi gani unahitajika? Rekodi ya maandishi ni nyepesi. Hata laini ndogo huibeba, mradi isikatike. Picha ya eksirei ni nzito. Picha ya megabaiti 20 huchukua sekunde 80 kwenye laini ya megabiti 2 kwa sekunde. Basi zahanati ndogo huhitaji kwanza laini ya kutegemewa, na hospitali inayotuma picha kwa daktari bingwa huhitaji laini pana.

Njia za kufikisha mtandao ni zaidi ya moja. Nyaya za faiba zina nguvu, lakini kuzivusha kisiwani ni kazi ya gharama. Minara ya simu hutosha pale mawimbi yanapofika vizuri. Kwa vijiji vya mbali ipo satelaiti, ambayo huhitaji dishi na umeme tu. Satelaiti za zamani huelea umbali wa takriban kilomita 36,000, na mawasiliano yake hukawia kidogo. Zile mpya za karibu na dunia, ambazo huduma yake ilianza Kenya mwaka 2023, huitika kwa kasi zaidi.

Hata hivyo, mtandao wowote hukatika. Mfumo unaofaa visiwani ni ule unaohifadhi rekodi kwanza ndani ya kituo, kisha kuzituma laini ikirudi. KenyaEMR, unaotumika katika kliniki nyingi za Virusi Vya Ukimwi nchini, unaweza kufanya kazi kwa namna hiyo. Sola na betri ni sehemu ya mfumo huo, na rejesta ya karatasi isitupwe mapema.

Kuna jambo la siri pia. Katika mji ambao watu wote wanajuana, mgonjwa huogopa habari zake zisifike barazani. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kila mhudumu awe na neno lake la siri, asilishiriki na mwenzake, na mfumo uonyeshe nani amefungua faili gani. Mgonjwa naye ana haki ya kuona taarifa zake na kuomba kosa lisahihishwe.

Mwisho ni bajeti. Kompyuta hununuliwa mara moja, lakini bili ya mtandao huja kila mwezi. Kompyuta bila bili kulipwa ni sawa na mashua bila tanga. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na sheria inataka wananchi washirikishwe. Katika vikao hivyo mwananchi aulize mambo matatu: zahanati ya kijiji chake imetengewa pesa za mtandao za mwaka mzima? Nani atatengeneza kifaa kikiharibika? Wauguzi wamefunzwa?

Maswali hayo yakijibiwa kwa vitendo, mama wa Kiwayu atakapofika hospitalini Lamu, daktari atakuwa anajua tayari kundi lake la damu.