Kiwanja cha Ndege cha Dar es Salaam na Mananasi ya Kiwangwa

(Maelezo yaliyosomwa mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi, Kiwangwa)



Jambo lililoombwa kuelezwa leo ni kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam: jinsi kilivyokua, vifaa vilivyomo, na kama kinaweza kumfaa mkulima wa mananasi wa hapa Kiwangwa. Swali hili halikuzuka bure. Wanachama wanauliza kwa nini mananasi yauzwe kando ya barabara ya Bagamoyo hadi Msata kwa bei ya mpita njia, hali ndege za Ulaya na Arabuni zinaruka kutoka mahali ambapo lori la hapa hufika siku hiyo hiyo. Na wapo wanunuzi wanaolitumia neno hilo "ndege" kama chambo. Kwa hiyo inafaa kiwanja chenyewe kifahamike kwanza.

Hapo zamani ndege za Dar es Salaam zilitua Kurasini, karibu na bandari. Mwaka 1954 kiwanja kikahamishiwa upande wa Kipawa, yapata kilomita 12 kutoka katikati ya mji, likajengwa jengo la abiria ambalo leo huitwa Jengo la Kwanza. Lilitosha kwa wakati wake. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977, na Tanzania ikaunda shirika lake mwaka huo huo, ilidhihirika kwamba nchi yahitaji lango lake lenyewe lililo kubwa zaidi. Jengo la Pili likafunguliwa mwaka 1984. Aliyelichora ni Mfaransa Paul Andreu, ambaye ndiye aliyechora pia kiwanja cha Charles de Gaulle cha Paris; paa lake limesimama juu ya nguzo mfano wa miti ya kivuli. Mwaka 2005 kiwanja kikapewa jina la Mwalimu Nyerere, aliyefariki mwaka 1999.

Jengo la Pili lilikusudiwa abiria wapatao milioni 1.5 kwa mwaka, na baada ya miaka thelathini lilikuwa limefurika. Ujenzi wa Jengo la Tatu ulianza mwaka 2013, ukifanywa na kampuni ya BAM ya Uholanzi, na Hayati Rais John Magufuli akalifungua rasmi tarehe 1 Agosti 2019. Hilo limekusudiwa abiria milioni 6 kwa mwaka, nalo ndilo linalopokea safari za nje. Njia kuu ya kurukia ndege ina urefu wa meta 3,000, inayotosha ndege kubwa. Upanuzi huo haukupatikana bila gharama kwa wananchi: wakazi wa Kipawa, Kigilagila na Kipunguni walitakiwa kuhama, na fidia ya baadhi yao ilisubiriwa miaka mingi. Mkulima anayejua thamani ya kipande cha ardhi hataliona hilo kuwa dogo.

Sasa, takwimu hizo zote ni za abiria. Je, mzigo? Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mazao mabichi yanayokwenda ng'ambo kwa ndege, sehemu kubwa husafiri katika tumbo la ndege za abiria, chini ya miguu ya wasafiri. Kwa hiyo kuongezeka kwa abiria kunamhusu mkulima, lakini kwa sharti moja: ndege iwe ile pana yenye tumbo kubwa. Ndege nyembamba zinazokwenda Mwanza au Dodoma zina nafasi ndogo, nayo hujaa masanduku ya abiria.

Ipo pia ndege ya mizigo mitupu. Shirika la Ndege la Tanzania lilipokea Boeing 767 ya namna hiyo mwezi Juni 2023, yenye uwezo wa tani 54. Ndugu makatibu na wapige hesabu. Nanasi la kilo moja na nusu, bila kuhesabu makasha, litaingia humo mara 36,000. Shamba lililopandwa kwa kubanana kitaalamu huchukua miche 16,000 hivi kwa eka. Basi ndege nzima hujazwa na eka mbili na robo, mradi zote ziive siku moja. Mananasi si mengi mno kwa ndege, wala ndege si ndogo mno kwa mananasi. Taabu iko kwenye nauli.

Nauli ya ndege hutozwa kwa kilo, na nanasi ni zito, limejaa maji, na bei yake kwa kilo ni ndogo. Ua la waridi au maharage machanga huweza kubeba nauli hiyo. Nanasi zima hulemewa. Tena mizani si hukumu pekee. Kila sentimeta za ujazo 6,000 huhesabiwa kuwa kilo moja, na mwenye mzigo hulipa kwa hesabu iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Kasha la sentimeta 60 kwa 40 kwa 30 ni kilo 12 mbele ya wenye ndege, hata likiwa na kilo 10 za matunda. Majani ya juu ya nanasi basi husafiri kwa nauli ile ile ya tunda! Ndiyo maana mananasi mengi ya dunia, kama ya Costa Rica, huenda Ulaya kwa meli zenye baridi.

Mfano wa karibu wa kuonya ni kiwanja cha Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka 1971. Maua na mboga za Arusha kwa miaka mingi zimepakiwa malori yakavuka mpaka hadi Nairobi, kwa kuwa huko ndege ni nyingi na za uhakika. Uwanja ulikuwa mlangoni, ila ndege hazikuwapo siku mzigo ulipokuwa tayari.

Ghana walipita njia nyingine. Tangu mwaka 1998 kampuni ya Blue Skies, iliyo karibu na Accra, hununua matunda ya wakulima, huyamenya na kuyakata papo hapo, na kuyapeleka Ulaya kwa ndege yakiwa tayari kuliwa. Maganda na majani hubaki Ghana. Kinachosafiri ni kile tu mlaji anacholipia, naye hulipa bei kubwa zaidi kwa kilo.

Tabia ya tunda lenyewe nayo isisahauliwe. Nanasi halizidi utamu likisha kukatwa. Anayelivuna changa ili lihimili safari amekwisha kuharibu sifa yake. Baridi chini ya nyuzi 7 hulitia weusi ndani, na joto la lori lililokwama foleni ya Mwenge au Ubungo mchana kutwa hulichosha kabla halijafika Tazara. Kwa upande wa cheti, tangu Desemba 2019 nchi za Umoja wa Ulaya hutaka cheti cha afya ya mimea kwa matunda karibu yote, ila nanasi ni mojawapo ya matano yaliyosamehewa. Mabaki ya dawa ya kuchochea maua hayakusamehewa, hupimwa.

Basi mnunuzi ajapo na mkataba wa "mananasi ya ndege", katibu na aandike majibu ya maswali haya kabla bodi haijakutana. Tunda litakwenda zima au limekatwa? Nani atalipa nauli, na kwa uzito upi kati ya ule wa mizani na ule wa ujazo? Chumba cha baridi kiko wapi kati ya Kiwangwa na kiwanja, na ni cha nani? Ndege ikiahirishwa, hasara ni ya nani? Na yale yatakayokataliwa kwa udogo au doa yatarudi kwa mwanachama kwa gari la nani? Swali hili la mwisho aghalabu huachwa nje ya mkataba, na lori hurudi tupu.