Raheli Alikufa Njiani

Hotuba ya mwalimu wa dini mbele ya wazee wa makanisa na akina mama, katika sikukuu ya miaka 100 ya Dayosisi ya Masasi



Nimeagizwa niseme juu ya kuzaa kwa salama kwa wanawake maskini wa vijijini. Jambo hili latuhusu sana sisi walimu, kwa kuwa mama akifariki katika uzazi ndisi tuitwao kwanza kusoma sala za maziko, kabla padre hajafika.

Katika kitabu cha Mwanzo twasoma habari za Raheli, mke wa Yakobo. Alishikwa na uchungu safarini, ikabaki njia kidogo kufika Efrata. Mkunga alikuwapo, wala mumewe hakuwa fukara, maana alikuwa na makundi ya mifugo. Hata hivyo Raheli alikufa, akazikwa kando ya njia. Basi, ikiwa mke wa tajiri alipatwa na hayo, je, mke wa mkulima asiye na baiskeli?

Wazee wetu walilijua jambo hili. Dayosisi yetu ilianzishwa mwaka wa 1926, Askofu Vincent Lucas akiwa wa kwanza. Na mwaka wa 1935 alikuja Daktari Leader Stirling, ambaye alifanya kazi ya uganga huko Lulindi katika majengo ya udongo na nyasi, akawafundisha wauguzi Waafrika. Daktari huyo ndiye aliyekuwa Waziri wa Afya wa Tanzania tangu mwaka wa 1975 hata 1980.

Tena tumshukuru Mungu kwa maendeleo ya siku hizi. Uchunguzi wa Serikali wa mwaka wa 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walizaliwa 63 mahali pa tiba. Ule wa mwaka wa 2022 ulionyesha 81. Vifo vya akina mama navyo vilihesabiwa 556 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, kisha vikahesabiwa 104. Lakini wale 19 waliosalia katika kila 100 ni akina nani? Wengi wao ni watoto wa mama maskini, nao wakaa mbali na barabara.

Mama huyu hapungukiwi na akili. Hupungukiwa na saa. Damu ikimwaga sana baada ya kuzaa, aweza kufa katika muda wa saa mbili. Dawa ya kuizuia ipo, nayo ni sindano moja achomwayo mama mara mtoto atokapo. Lakini sindano iliyo zahanati haimfai aliye kitandani kwake, ng'ambo ya korongo lililojaa maji.

Saa hizo hupotea mahali patatu. Kwanza ni nyumbani: mume amngoja mjomba atoe ruhusa, naye mjomba yu shambani. Pili ni njiani: fedha za korosho hupatikana tangu Oktoba hata Desemba, lakini mwezi wa Februari na Machi barabara zimeharibiwa na mvua, na mfukoni hamna kitu. Tatu ni mlangoni pa zahanati. Sera ya Afya ya mwaka wa 2007 iliagiza mama mjamzito atibiwe bila malipo, lakini mara nyingi huambiwa aje na mipira ya mikono, wembe na nguo. Asiye navyo huona haya, akabaki nyumbani.

Wako watakaosema kwamba hii ni kazi ya Serikali. Ni kweli, nayo haikukaa bure. Mwaka wa 2022 ilizindua kwa nchi nzima mpango wa m-mama, ambao mtu hupiga namba 115 bila malipo, akatafutiwa gari la wagonjwa au dereva wa karibu aliyeandikishwa. Kila nyumba na iijue namba hiyo. Lakini usiku ule, kutoka kitandani hata mahali gari liwezapo kufika, hakuna mwingine wa kumsaidia ila jirani zake.

Kwa hiyo naleta mashauri manne. La kwanza, kila kanisa la kijiji liwe na sanduku la uzazi, lijazwe wakati wa korosho, ili mwezi wa Machi fedha ziwepo za safari na za vifaa. La pili, ijengwe nyumba ya kungojea karibu na hospitali, na mama akaaye mbali aje majuma mawili kabla ya siku zake. La tatu, mume na mjomba watoe ruhusa yao mapema, mbele ya mzee wa kanisa, wala wasingoje uchungu. La nne, Askofu Lucas hakuyatupa mafundisho ya jando na malango, bali aliyatakasa na kuyaingiza katika Kanisa. Basi humo vijana wote, wa kiume na wa kike, wafundishwe dalili za hatari: kutoka damu, kuumwa sana kichwa na macho kuona kiza, uso kuvimba, kifafa, homa kali, na uchungu uliokawia. Nao wakunga wetu wa jadi, ambao akina mama huwaamini, wawe wa kwanza kuwasindikiza hospitalini.

Nasikia liko shauri la kujenga mnara wa kengele uwe ukumbusho wa miaka hii 100. Siudharau mnara. Lakini naomba fedha za ukumbusho zianze kwa nyumba ya kungojea, na mnara ufuate Mungu atakapotujalia. Matofali twaweza kuyafyatua wenyewe baada ya mavuno, na kila mtaa ukitoa watu wake, paa litakuwa juu kabla ya mvua.

Wazee wa makanisa, neno hili liko mikononi mwenu katika kikao cha leo. Mungu awape hekima, awalinde mama zetu wote wenye mimba. Amina.