Kulinda Watoto wa Wageni Usiku: Kazi Hii Iandikwe

(Maneno aliyoyasema mjumbe wa chama mbele ya wahudumu wa vyumba na mayaya wa mahoteli ya pwani)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo wengine hulicheka. Husema ni mambo ya wanawake, hayana haja ya kuletwa mbele ya chama. Mimi nasema haja ipo. Ni habari ya wageni wanaokuja likizo na watoto wao, kisha jioni baba na mama wanataka kutoka peke yao, waende kula samaki au kusikiliza muziki, na mtoto abaki chumbani na mmoja wetu.

Kutaka kwao si kosa. Mtu aliyesafiri siku nzima na mtoto wa miaka miwili naye anatamani jioni moja ya kukaa na mwenziwe. Wala kazi yenyewe si mbaya; wako kati yenu wanaoipenda kuliko kutandika vitanda. Ubaya uko katika namna tunavyoipata.

Ninyi mnajua tunavyoipata. Ni saa tisa alasiri, unamaliza chumba cha mwisho na miguu inauma. Mama mgeni anakuita mlangoni: mtoto wangu amekupenda, je, waweza kukaa naye usiku huu kidogo tu? Hakuna kinachoandikwa. Mapokezi hawaambiwi. Msimamizi akijua hugeuza uso upande wa pili. Hicho kidogo kinakuwa muda wa saa tano. Wageni wanarudi saa saba usiku, wanacheka, wanakupa noti moja, au wanasema tutaonana kesho, na kesho asubuhi wako uwanja wa ndege. Nawe hoteli yako iko Bamburi na nyumba yako iko Likoni. Matatu utaipata wapi saa hiyo, na baada ya matatu kuna feri.

Tena fedha siyo hasara kubwa. Dada mmoja alilinda mtoto namna hii. Asubuhi mgeni akasema pete yake haionekani. Ikaulizwa, nani alikuwa chumbani usiku? Daftari la zamu likasema dada huyo alitoka kazini saa kumi. Basi alikuwa akifanya nini humo? Pete ilionekana siku ile ile, ndani ya mfuko wa vitu vya mtoto vya kuogea. Lakini barua ya onyo ilikuwa imekwisha andikwa, si kwa wizi, bali kwa kuwa ndani ya chumba cha mgeni bila ruhusa. Juu ya neno hilo chama hakikuwa na la kujibu, maana hapakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba alikuwa kazini.

Sikilizeni vizuri hapo. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 humtazama mtu aliyeumia akiwa kazini. Ukiteleza bafuni usiku ukimwogesha mtoto wa mgeni kwa mapatano ya mlangoni, utathibitishaje kwamba ulikuwa kazini? Na Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo inakupa siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Ukiitumia siku hiyo kulinda watoto kwa siri, umeitoa bure, na hakuna atakayeirudisha.

Wako mameneja wanaosema, na hili limenifikia kwa masikio yangu, ati hiyo si kazi. Mtoto amelala, wewe umekaa kwenye kiti unatazama televisheni. Nawauliza, je, waweza kuondoka ukanunue mkate? Waweza kulala usingizi? Kama huwezi, basi wakati huo si wako. Jambo hili lilikwisha jadiliwa mbele ya mataifa. Mwaka 2011, Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha huko Geneva Mkataba wa namba 189 juu ya wafanyakazi wa nyumbani. Ndani yake imo kanuni ya kwamba saa ambazo mfanyakazi hayuko huru kuzitumia apendavyo, bali anangojea kuitwa, zihesabiwe kuwa saa za kazi, kwa kadiri itakavyoamuliwa na sheria za nchi au mapatano ya pamoja. Mkataba ule ni wa wafanyakazi wa nyumbani, si wa mahoteli, lakini akili yake ni hiyo hiyo. Na maneno yale "mapatano ya pamoja" ndiyo mlango wetu.

Wengine watasema, hoteli inunue tu chombo cha kusikilizia mtoto akilia, yaya wa nini? Fikira hiyo ni ya zamani. Uingereza, katika kambi za likizo za Butlin, ambayo ya kwanza ilifunguliwa Skegness mwaka 1936, watu walikuwa wakipita usiku kati ya vyumba wakitega sikio, na mtoto akilia, namba ya chumba ilitangazwa kwa wazazi waliokuwa wakistarehe ukumbini. Lakini sikio husikia mtoto aliaye tu. Mtoto aliyeamka kimya akafungua mlango wa roshani haliwezi kumsikia. Mwezi wa Mei mwaka 2007, huko Praia da Luz nchini Ureno, mtoto wa Kiingereza wa miaka mitatu alitoweka katika nyumba ya likizo, wazazi wake wakila chakula cha jioni hapo karibu, wakienda kumchungulia mara kwa mara. Mzazi aijuaye habari hiyo akitaka mtu mzima awe ndani ya chumba, sitamlaumu. Ila mtu huyo alipwe kama mtu mwenye dhamana kubwa.

Basi tunataka nini? Tunataka ombi lipelekwe mapokezi mapema, kabla ya saa sita mchana, si mlangoni jioni. Karatasi iwe na majina ya wazazi, jina na umri wa mtoto, chakula kinachomdhuru, mahali waendako, namba ya simu, na saa ya kurudi. Wakichelewa, saa zinaendelea kuhesabiwa. Malipo yapitie hoteli na yaonekane katika karatasi ya mshahara. Bakshishi ni ya mgeni na moyo wake, isihesabiwe kuwa mshahara. Ikipita saa nne usiku, hoteli itoe gari mpaka nyumbani. Na asiyetaka kazi hii asilazimishwe.

Upande wetu nasi tuna wajibu. Usimpe mtoto dawa yoyote ila mzazi ameiandika, na kipimo chake. Usimtoe chumbani, hasa kwenda upande wa bwawa. Usimpige picha. Usimfungulie mtu mlango, hata akisema ni mjomba wa mtoto, mpaka umepiga simu mapokezi. Funga mlango wa roshani kabla wazazi hawajaondoka, wakiona kwa macho yao.

Liko neno moja ambalo hakuna karatasi itakayolimaliza. Yule anayelinda mtoto wa mgeni mpaka saa saba usiku, wa kwake amemwachia nani? Mara nyingi ni binti wa miaka kumi na moja, ambaye kesho yake anasinzia shuleni. Ndiyo sababu nasisitiza ombi lije kabla ya saa sita. Mama apate nafasi ya kumpigia simu jirani au shangazi na kupanga, au akatae.

Karatasi ya mfano iko mezani kwa mwandishi. Kila hoteli ichukue nakala mbili, moja ya meneja na moja ya mjumbe wenu, na majibu yaletwe tawini kabla ya wageni wa Desemba kuanza kufika. Sasa nitapokea maswali. Akina mama wa zamu ya jioni waanze, maana gari lao linaondoka upesi.