Saa ya Mkononi na Hesabu ya Kalori

Juma lililopita, saa ya mazoezi ikiwa mkononi mwangu, niliombwa nyumbani nikune nazi mbili, nami nikaikalia mbuzi kwa kitambo, mkono ukienda na kurudi. Na nilipoinuka niliiona saa imeniandikia mamia ya hatua ambazo miguu yangu haikuzipiga, na kalori za hatua hizo ikanijumlishia. Kinyume chake, mchukuzi asukumaye mkokoteni, vidole vimeushika mpini tangu bandarini hadi sokoni, mkono wake hauchezi, na kwa ajili hiyo saa kama hiyo aghalabu humdhulumu jasho lake.

Kalori ni kipimo cha joto: kalori moja ya chakula ni joto litoshalo kuipandisha kilo moja ya maji kwa digrii moja ya Selsiasi. Mwili huunguza chakula kwa oksijeni, na kila lita ya oksijeni itumikayo hutoa kalori zipatazo 5. Ndiyo maana wataalamu watakao yakini humvika mtu barakoa iliyoungwa na mtambo, wakaipima hewa aivutayo na aitoayo, pumzi kwa pumzi. Saa haina njia ya kuionja pumzi yako. Inachohisi ni mtikisiko wa mkono, na kwa taa zake ndogo za kijani huisoma damu chini ya ngozi, jinsi ijaavyo na kupungua kila moyo upigapo. Kisha huchanganya habari hizo na umri, uzito na urefu ulioiambia mwenyewe, ikakisia kwa kanuni zilizotungwa kwa kupima miili ya watu wengine. Na moyo, kama mjuavyo, huenda mbio hata kwa hofu, kwa jua kali na kwa kahawa chungu, ilhali chakula kinachoungua ni kidogo.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walizijaribu saa za namna 7 kwa watu 60, waliotembea, wakakimbia na kuendesha baiskeli huku pumzi zao zikipimwa. Katika mapigo ya moyo, saa 6 kati ya hizo 7 hazikukosea hata kwa asilimia 5, jambo la kusifiwa. Katika kalori, iliyo bora kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na iliyo dhaifu kuliko zote kwa asilimia 93. Hesabuni nami: saa ile bora ikikuonyesha kalori 400, ukweli waweza kuwa kama 315, au ukapindukia 540. Aidha, kosa la kusoma mapigo lilizidi kwa wenye ngozi nyeusi na kwa wenye miili minene, na hili latuhusu sisi hasa, maana twauziwa saa hizi bila ya kuambiwa.

Lakini liko jambo zito zaidi, nalo limetoka kwetu Tanzania. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walitangaza matokeo ya kuwapima Wahadzabe, wakaao karibu na Ziwa Eyasi, kwa kuwanywesha maji yenye alama ya kikemia ambayo hufuatwa katika mkojo. Watu hawa huenda kwa miguu masafa marefu kila siku wakiwinda na kuchimba mizizi. Hata hivyo, ukubwa wa mwili ukishazingatiwa, kalori wazitumiazo kutwa kucha hazikupambanuka na za watu wa Marekani na Ulaya. Mwili, basi, yaelekea haujumlishi kama mwenye duka: ukitoa huku, hubana kule.

Nawasihi, wasikilizaji, endeleeni kutembea, kwa kuwa faida yake kwa moyo na mishipa haina shaka, na mapigo yenu muyafuate katika saa mkipenda. Ila jioni msijilipe chapati kwa kalori zilizoandikwa na saa. Na mwenye maradhi ya sukari, au aliyepangiwa mlo na daktari, hesabu ya chakula chake aipeleke kwa mtaalamu wa lishe.